Tovuti ya Duka Hutunzwa kama Duka

Katika makambi ya askari na polisi nchini Uganda, kutoka Bombo hadi Nsambya, si jambo geni kumwona mke wa askari akishona nguo, akioka keki au akitia asali katika chupa ili kuongezea mshahara wa nyumba. Wengine wamepiga hatua zaidi, wakamlipa fundi awatengenezee tovuti, ili mnunuzi aliye Mbarara au Gulu aone bidhaa na bei bila kusafiri. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini aghalabu kazi huishia hapo. Fundi akishalipwa, tovuti huachwa kama picha iliyotundikwa ukutani, ilhali hiyo ni duka, na duka lisilofagiliwa hukimbiwa na wateja.

Habari ziwe za kweli

Mteja akisoma bei ya mwaka juzi, kisha akapiga simu na kutajiwa bei nyingine, hudhani kwamba anapunjwa. Akipiga nambari isiyotumika tena, huenda kwa muuzaji mwingine, na mwenye duka hatajua kamwe kwamba alimpoteza. Kwa familia za askari hatari hii ni kubwa zaidi, kwani uhamisho huja wakati wowote; duka lililokuwa Jinja mwezi uliopita laweza kuwa Gulu mwezi huu. Basi siku ya kufunga mizigo na iwe pia siku ya kusahihisha mahali pa duka na nambari ya simu.

Jina la tovuti hukodiwa

Jina la tovuti halinunuliwi milele. Hukodiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hulipiwa tena. Hata wakubwa husahau. Mnamo Desemba 1999 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisahau kulipia jina la passport.com, na watu wengi waliotumia barua pepe ya Hotmail wakashindwa kuzifikia barua zao. Mtaalamu mmoja wa kompyuta, ambaye hakuwa mtumishi wa kampuni hiyo, alilipa dola 35 kutoka mfukoni mwake siku ya Krismasi. Microsoft ilibahatika kukutana na mwungwana. Mwenye duka dogo asitegemee bahati ya namna hiyo, kwa maana wapo wanaovizia majina yaliyoachwa ili wamwuzie mwenyewe kwa bei ya juu, au wayatumie kuwahadaa wateja wake.

Kwa majina ya aina ya .com, kampuni ya usajili hutakiwa kumkumbusha mwenye jina yapata mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, na tena yapata juma moja kabla. Lakini onyo humfikia yule aliyeandikishwa. Ikiwa fundi aliandikisha jina kwa anwani yake mwenyewe, naye amekwisha kuhama mji, mwenye duka hatapata habari yoyote hadi siku tovuti itakapotoweka.

Hatari hiyo hiyo imo ndani ya nyumba. Tangu Uganda ilipopeleka askari wake Somalia mwaka 2007, familia nyingi zimezoea kukaa muda mrefu bila baba. Ikiwa neno la siri la tovuti limo katika simu yake peke yake, duka la mama hufungwa naye angali amesimama mlangoni. Jina na liandikishwe kwa mwenye biashara, na neno la siri liandikwe katika daftari lifungiwalo pamoja na hati za nyumba.

Wezi hawangoji

Tovuti nyingi huendeshwa kwa programu kama WordPress na Drupal. Watengenezaji wakigundua ufa, hutoa marekebisho. Lakini tangazo hilo hilo huwaonyesha wezi mahali pa kupenya. Tarehe 15 Oktoba 2014 watunzaji wa Drupal walitangaza ufa mkubwa. Majuma mawili baadaye walionya kwamba kila tovuti ya Drupal 7 ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Ndiyo maana yafaa marekebisho yaruhusiwe kuingia yenyewe, na nakala ya tovuti nzima ihifadhiwe mahali pengine, ili likitokea baya kazi isianze upya.

Utaratibu wa nyumbani

Mambo haya hayahitaji elimu kubwa. Kila juma, mmoja katika nyumba aifungue tovuti kwa simu kama mgeni, atazame bei na bidhaa zilizokwisha, na apige nambari iliyoandikwa humo. Kila mwezi, ahakikishe kwamba marekebisho yameingia, achukue nakala mpya, na aondoe vipande vya programu visivyotumika. Kila mwaka, fedha ya kulipia jina itengwe mapema kama ada ya shule.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari hasafishi bunduki kwa sababu imeharibika, bali huisafisha isije ikaharibika. Tabia hiyo hiyo njema, ikiingizwa katika biashara ya nyumbani, itailinda riziki ya watoto hata baba akiwa mbali kazini.