Ceylon: Jina Lililokataa Kuzikwa

Mkulima wa kahawa wa hapa Ruiru huenda hana habari na Ceylon. Lakini maradhi yaliyokifilisi kisiwa hicho ndiyo yayo hayo yanayomlazimu hadi leo kuipulizia dawa mibuni yake ya aina za zamani. Kutu ya majani iligunduliwa huko mwaka wa 1869, ikaiangamiza kahawa iliyokuwa nguzo ya uchumi, na wenye mashamba wakageukia chai. Tangu hapo jina Ceylon likaingia kikombeni, likasambaa duniani.

Jina hilo lilitoka wapi? Wengi hudhani lilibuniwa na wakoloni. Sivyo. Asili yake ni Sihala, yaani jina la Wasinhala wenyewe, ambao ndio wengi kisiwani. Waarabu walilitamka Sarandibu. Wareno, waliofika mwaka wa 1505, wakasema Ceilão. Waholanzi wakasema Zeilan. Na Waingereza wakaishia kwa Ceylon. Kila mgeni alilitwaa jina la mwenyeji, akalitafuna, kisha akamrudishia makapi na kumwamuru aitwe hivyo.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1948, jina halikuguswa. Ni tarehe 22 Mei 1972 ambapo nchi ilitangazwa kuwa jamhuri na kuitwa Sri Lanka: Lanka likiwa jina la kale la kisiwa, na Sri likiwa neno la kulitukuza. Mwaka wa 2011 serikali iliamua kwamba hata mashirika ya umma yaliache jina la kikoloni. Hata hivyo, chai inaendelea kuuzwa kwa jina la Ceylon, na serikali iyo hiyo inalilinda jina hilo sokoni. Je, huo si unafiki?

La hasha! Jina la nchi ni heshima, na jina la bidhaa ni riziki. Wahenga walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Sri Lanka ilijiita ilivyotaka, lakini haikukubali kupoteza sifa iliyojengwa kwa jasho la wachumaji wake.

Sisi je? Mwaka wa 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa kilitoa mbuni uitwao Ruiru 11, unaostahimili kutu iyo hiyo pamoja na ugonjwa unaoozesha matunda ya buni. Jina la mji wetu likasafiri na mbegu hiyo. Lakini leo mashamba ya Ruiru yenyewe yanazidi kung'olewa mibuni ili kujengwa nyumba.

Ceylon ilipoteza jina ikabaki na zao. Sisi tunabaki na jina huku zao likitutoka. Viongozi na wenye mashamba wasipoamua mapema ni ardhi ipi itaachiwa kahawa, wajukuu wetu watarithi jina tupu. Na jina tupu, msomaji, halijazi kikombe.