Marafiki Wawili Katika Vita

Wahenga walinena: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Askari huyajua maneno haya vyema, kwani dhiki yake haiishii katika njaa na kukesha. Huenda ikamfikisha penye kuchagua baina ya nafsi yake na mwenziwe. Riwaya ya Code Name Verity, iliyotolewa mwaka 2012 na Elizabeth Wein, mwandishi ambaye mwenyewe ni rubani, yasimulia jambo hilo kwa kisa cha wasichana wawili wa Uingereza.

Maddie alilelewa penye duka la pikipiki, akapenda mitambo, akajifunza kurusha ndege. Julie alikuwa binti wa ukoo mkubwa wa Scotland, ajuaye Kifaransa na Kijerumani. Lau si vita, wasingalikutana. Mwezi Oktoba 1943 Maddie alimpeleka Julie usiku nchini Ufaransa, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Ndege ikapigwa. Julie akaruka kwa mwavuli, naye Maddie akaishusha kwa shida.

Haukupita muda, Julie akakamatwa. Alikosa nini? Alipotaka kuvuka barabara alitazama upande usiofaa, kwa mazoea ya kwao ambako magari hupita kushoto, kama ilivyo kwetu Uganda. Mazoea madogo yalimfichua.

Polisi wa siri wa Kijerumani walimtesa, kisha wakampa karatasi aandike yote ayajuayo. Kwa kila fumbo la simu ya upepo alilolitoa, alirudishiwa vazi moja. Wafungwa wenzake walimdharau kwa kumdhania msaliti. Kumbe mafumbo yale yalikuwa ya uongo! Kustahimili mateso ya adui ni ushujaa. Kustahimili dharau ya watu wa upande wako, nawe huna ruhusa ya kujitetea, ni ushujaa uliozidi.

Wakati huo Maddie alikuwa mafichoni pamoja na wapiganaji wa siri, akimtafuta mwenziwe. Mwisho wa kisa sitausimulia. Msomaji ajionee mwenyewe gharama ya urafiki.

Wasichana hao ni wa kubuni, lakini historia yao si ya kubuni. Shirika la Air Transport Auxiliary lilikuwa na marubani wanawake 168, waliopeleka ndege za kivita vituoni bila redio. Tangu mwaka 1943 walilipwa sawa na wanaume. Noor Inayat Khan, mpeleka habari kwa simu ya upepo mjini Paris, alikamatwa Oktoba 1943. Madaftari yake yaliangukia mikononi mwa adui, lakini yeye mwenyewe hakufungua kinywa kutoa siri, hata alipotiwa minyororo. Aliuawa Dachau tarehe 13 Septemba 1944, pamoja na Yolande Beekman, Eliane Plewman na Madeleine Damerment.

Basi, ewe askari na polisi, usipime ushujaa kwa upana wa kifua, wala usimdharau mwanamke mliyevaa naye sare moja. Na siku utakaposikia mwenzio ametajwa kuwa msaliti, usiharakishe kumhukumu. Maddie alipoyasoma maungamo ya Julie, aliona ndani yake uaminifu ambao adui, kwa werevu wake wote, hakuuona. Alimjua mwenziwe kabla ya dhiki, ndiyo maana hakumpoteza ndani ya dhiki.