Likizo ya Bwana na Bibi Huko Malaysia: Upepo Kwanza, Ramani Baadaye

Likizo ya askari haichaguliwi kama ndizi sokoni. Huja katika mwezi ulioamuliwa na mkuu wa kikosi, na aghalabu habari yake hufika nyumbani wakati mama watoto amekwisha panga mambo mengine. Kwa hiyo bwana na bibi wanaokusudia kusafiri pamoja mara ya kwanza kwenda nchi ya mbali, nao wameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka kadhaa katika chama cha kuweka na kukopa, hawana budi kuanza kwa swali moja: likizo itaangukia mwezi gani?

Wengi huanza kwa picha. Bwana ameona picha ya mlima, bibi ameona picha ya bahari na mchanga mweupe. Kila mmoja huvutia kwake, na tiketi hununuliwa kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za mvua. Malaysia ni nchi inayowatia hasara wasafiri wa namna hiyo.

Nchi hiyo ya Kusini-Mashariki ya Asia ina pande mbili zilizotengwa na Bahari ya Kusini ya China. Upande wa magharibi ni rasi inayopakana na Thailand, na humo ndimo ulimo mji wa Kuala Lumpur. Upande wa mashariki ni majimbo ya Sabah na Sarawak katika kisiwa cha Borneo. Rasi ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 31 Agosti, 1957, na shirikisho la Malaysia likaundwa tarehe 16 Septemba, 1963. Wamalay, Wachina, Wahindi ambao wengi wao ni wa asili ya Kitamil, Waiban, Wakadazan-Dusun na makabila mengine mengi huishi chini ya bendera moja. Umoja huo haukupatikana bure: tarehe 13 Mei, 1969, damu ilimwagika Kuala Lumpur katika ghasia baina ya jamii, na hata leo mgeni mwenye adabu hafanyi mzaha juu ya kabila wala dini ya mtu.

KASKAZI NA KUSI

Wazee wa mwambao wa Afrika Mashariki wanazijua pepo mbili zilizokuwa zikileta majahazi na kuyarudisha. Malaysia nayo huishi kwa pepo za msimu, ila tabia yake huko si ile tuliyoizoea. Upepo wa kaskazini-mashariki huvuma tangu Novemba hadi Machi, ukipita juu ya bahari na kuimwagia mvua kubwa pwani ya mashariki ya rasi, yaani majimbo ya Kelantan, Terengganu na Pahang. Katika mafuriko ya Desemba 2014, ambayo yaliipiga vibaya Kelantan, watu zaidi ya 200,000 walihamishwa makwao. Katika miezi hiyo bahari huchafuka, na hoteli nyingi za visiwa vya Perhentian na Redang hufungwa kwa kukosa wageni na kwa hatari ya mashua kuzama. Bibi aliyeahidiwa mchanga mweupe wa Perhentian mwezi wa Desemba atauona mlango wa hoteli umetiwa kufuli, ikiwa atafika huko.

Lakini milima ya Titiwangsa, iliyosimama kama uti wa mgongo katikati ya rasi, huikinga pwani ya magharibi. Mwezi huo huo wa Desemba, na zaidi Januari na Februari, visiwa vya Langkawi na Penang hupata jua la kutosha. Kusi ikivuma, tangu Mei au Juni hadi Septemba, mambo hugeuka: pwani ya mashariki hutulia, maji huwa maangavu, na kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Kwa hiyo askari aliyepewa likizo ya Januari aende magharibi, na mwenye likizo ya Julai aende mashariki. Hapo ugomvi wa nyumbani umekwisha kupata mwamuzi asiyependelea upande.

Borneo yahitaji fikira ya peke yake. Ikiwa bwana ameshikilia kuuona mlima Kinabalu, ambao kimo chake ni meta 4,095, ajue kwamba hapandi mtu pasipo kibali na kiongozi wa njia, kwamba idadi ya wapandaji kwa siku ina mpaka, na kwamba safari yenyewe huchukua siku mbili na usiku mmoja mlimani. Nafasi hutafutwa miezi mingi kabla. Tena Sabah na Sarawak zina mamlaka yao juu ya wageni, hata pasipoti huonyeshwa upya ukitoka Kuala Lumpur. Kwa likizo ya wiki mbili na mfuko wa mshahara, ni afadhali kuchagua ama rasi ama Borneo. Anayetaka zote mbili hununua tiketi za ndege zaidi, na siku zake nyingi huishia katika viwanja vya ndege.

KALENDA YA PILI

Baada ya upepo huja sikukuu. Penye dini nyingi pana sikukuu nyingi, na baadhi yake hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo tarehe hubadilika kila mwaka. Idi, ambayo huko huitwa Hari Raya, huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka Mpya wa Wachina huangukia Januari au Februari, na Deepavali ya Wahindu huwa Oktoba au Novemba. Katika siku hizo watu wa mjini hurejea vijijini kwa wazazi wao kama tufanyavyo sisi wakati wa Krismasi au Idi: mabasi na treni hujaa, na maduka mengi ya jamii inayosherehekea hufungwa. Msafiri asiye na tiketi mkononi hukwama.

Haifai lakini kuzikimbia siku hizo. Wamalaysia wana desturi ya kufungua milango ya nyumba zao wakati wa sikukuu, jirani wa dini nyingine akaingia, akala, akatoka. Wageni wanaofahamiana na mwenyeji huweza kualikwa. Katika Sarawak, tarehe 1 na 2 Juni ni Gawai, sikukuu ya mavuno ya Wadayak, ambapo nyumba ndefu, zenye familia nyingi chini ya paa moja, hupokea wageni. Mkazi wa mistari ya kambini atauelewa upesi ujirani wa namna hiyo. Viatu huvuliwa mlangoni, na zawadi ndogo hupokewa kwa furaha.

Wasio na muda wa kungoja sikukuu waende George Town, katika kisiwa cha Penang. Treni ya umeme kutoka Kuala Lumpur hufika Butterworth kwa muda wa saa nne hivi, kisha huvukwa kwa feri. Humo, katika mtaa mmoja unaotembewa kwa miguu, limo kanisa la Kianglikana la St. George's lililokamilika mwaka 1818, hekalu la Wachina la mungu wa rehema, hekalu la Wahindu la Sri Mahamariamman, na msikiti wa Kapitan Keling. Mji huo, pamoja na Melaka, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Bibi achukue mtandio na nguo ya kufunika magoti, bwana aache kaptula hotelini.

KARATASI NA TAHADHARI

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Uganda na Kenya zikiwamo. Sindano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika. Tangu mwaka 2024 wageni wengi hujaza pia fomu ya kuingia kwa njia ya intaneti katika siku tatu kabla ya kuwasili. Mjeshi na polisi wapate kwanza ruhusa ya maandishi ya kutoka nchini. Kununua tiketi kabla ya ruhusa ni kucheza bahati nasibu na fedha za watoto.

Liko jambo ambalo bwana na bibi wengi hawalifikirii. Wanawake wengi wa kwetu huendelea kutumia majina ya baba zao katika pasipoti, hata isionekane popote kwamba ni mke wa fulani. Malaysia ina sheria za Kiislamu zinazowakataza Waislamu wasiooana kukaa faraghani. Mume na mke Waislamu wachukue nakala ya cheti cha ndoa. Na wawe wa dini yoyote, mapenzi ya hadharani wayaache kwa siku hizo.

Mzigo wa mtu mwingine usipokewe, hata kama ni wa rafiki aliyewasindikiza uwanjani. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo liliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, lakini jaji angali na uwezo wa kuitoa kwa mchuuzi wa dawa za kulevya. Mbu nao wasidharauliwe: wale wa homa ya dengu huuma mchana, na dawa za malaria hazizuii dengu.

Kwa upande wa chakula, hofu iwe ndogo. Nasi lemak ni wali uliopikwa kwa tui la nazi, ukiletwa na dagaa, karanga, yai na pilipili ya kusaga. Roti canai haina utambulisho mrefu kwa mla chapati. Migahawa ya Wachina mara nyingi huuza nguruwe, hivyo asiyekula atafute alama ya halali. Durian ni tunda la kuonja nje tu, kwani hoteli nyingi hukataza kuliingiza chumbani kwa sababu ya harufu yake.

Maneno machache ya Kimalay hayatawasumbua wasemao Kiswahili, maana lugha hizi mbili zilikopa kutoka Kiarabu. “Apa khabar?” ni kuuliza habari, “waktu” ni wakati, “dunia” ni dunia ile ile. Na mwenyeji akiuliza kazi ya bwana, jibu lake halitahitaji mkalimani, kwani mwanajeshi huko huitwa “askar”.