Mashine ya kukatia nyasi inapogoma kuwaka

Majira ya kuchipua yanapoanza nchini Marekani na Uingereza, mashine nyingi za mkononi za kukatia nyasi, zilizowekwa stoo tangu msimu wa baridi, hukataa kuwaka. Kwa mtu anayelipwa kwa kila bustani anayoisafisha, asubuhi ya kuvuta kamba bila mafanikio ni ujira uliopotea. Hata hivyo, mara nyingi kasoro huwa ndogo.

Injini huhitaji mambo matatu ili iwake: mafuta, hewa na cheche. Baada ya kuhakikisha kwamba swichi imewashwa, cha kuchunguzwa kwanza ni mafuta. Petroli ya kawaida katika nchi hizo mbili huchanganywa na ethanoli ya hadi asilimia 10. Uingereza ilifikia kiwango hicho mwaka 2021. Ethanoli hunyonya unyevu, na petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando unaoziba vitundu vya kabureta. Mafuta hayo yamwagwe katika chombo salama na kuwekwa mapya.

Mashine zenye injini ya mipigo miwili hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Nyingi za kisasa huhitaji mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, ingawa kijitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Petroli tupu ni hatari: pistoni hukosa ulainisho, hukwama ndani ya silinda, na injini huharibika kabisa.

Mafuta yakiwa mapya na injini bado imenyamaza, plagi ifunguliwe. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Chujio lililomo ndani ya tangi, mipira ya mafuta na kabureta vikaguliwe. Ikiwa imelowa, mafuta yamezidi: plagi ikaushwe, choki ifunguliwe, kisha kamba ivutwe tena mara kadhaa. Plagi iliyojaa masizi isafishwe au ibadilishwe.

Chujio la hewa lililojaa vumbi, au wavu wa egzosi ulioziba, nao huinyima injini pumzi.

Kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na moto, injini ikiwa imepoa. Na kinga ni bora kuliko tiba: kabla ya kuihifadhi mashine, tangi limwagwe, kisha injini iachwe ingurume hadi mafuta yaliyobaki katika kabureta yaishe.