NYANYA NA MAJI YA CHUMVI

Je, nyanya zaweza kukua kwa maji ya chumvi? Tutazame mtaa wa Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi. Huko watu wengi hutumia maji ya visima virefu vya pampu, na wenyewe huyaita maji ya chumvi. Wenye kupanda mboga katika magunia huzimwagia nyanya maji hayo hayo. Mwanzoni miche hupendeza. Baadaye kingo za majani hukauka, na mwenye nyanya hudhani ni ugonjwa. Mkulima wa skimu atumiaye maji ya kisima katika nchi kavu aweza kupata hasara iyo hiyo.

Chumvi huvuta maji. Nyama ikipakwa chumvi hutoa maji. Vivyo hivyo udongo wenye chumvi hushindana na mizizi, na mmea huona kiu hali udongo umelowa. Nyanya hujitetea kwa njia mbili. Kwanza, huongeza sukari na vitu vingine ndani yake ili izidi kuvuta maji. Pili, huzuia chumvi nyingi katika mizizi, na ile ipandayo huiweka zaidi katika majani makuukuu. Ndiyo sababu majani ya chini huungua kwanza.

Lakini kujitetea huko hula nguvu. Matunda huwa madogo, ingawa huwa matamu zaidi. Mengine huoza upande wa chini na kuwa meusi, kwa kuwa chokaa haiyafikii vizuri.

Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Nyanya huvumilia mpaka 2.5 hivi. Kila kipimo kimoja kikizidi hapo, mavuno hupungua kwa karibu sehemu moja katika kumi. Maharagwe huanza kupunguza mavuno kwenye 1 tu. Pamba huvumilia kupita 7. Iko nyanya mwitu ya visiwa vya Galapagos ambayo mwaka 1976 ilionekana kuweza kuishi hata katika maji yenye chumvi kama ya bahari, lakini nyanya zetu za shambani haziwezi hivyo.

Basi mkulima afanye haya:

1. Asinyunyize maji kidogo kidogo kila siku. Maji huenda hewani, chumvi hubaki. Mara kwa mara amwage maji mengi yapite chini ya mizizi na kuiondoa chumvi.

2. Maji hayo yapate njia ya kutoka. Gunia au debe litobolewe chini. Shamba la udongo mweusi lichimbwe mitaro ya kutoa maji.

3. Maji yamwagwe shinani, si juu ya majani. Nyasi kavu zitandazwe ili udongo usikauke upesi.

4. Maji ya mvua yawekwe kwa ajili ya kitalu, maana miche michanga huumia zaidi.

5. Asizidishe mbolea ya dukani, kwa kuwa nayo ni chumvi.

Kabla ya kununua mbegu, mwulize Bwana Shamba wako jinsi ya kupimisha maji na udongo. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete hufanya kazi hiyo. Gharama ya kupima ni ndogo kuliko hasara ya shamba zima.