Utangulizi: Akili, Urithi na Watoto wa Embu

Huenda umeletwa hapa na ubishi wa siku nyingi: wengine wanasema akili mtu huzaliwa nayo, wengine wanasema ni malezi na shule. Naomba kauli zote mbili uziweke kando kwa muda. Uwanja wa akili na urithi una maswali mazito zaidi, na baadhi yake yaliulizwa juu yetu Waafrika bila sisi kushirikishwa.

Miaka ya 1930, mjini Nairobi, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari na mwenzake F. W. Vint walipima mafuvu na ubongo wa Waafrika, wakavilinganisha na takwimu za Wazungu, kisha wakatangaza kwamba Mwafrika ana upungufu wa kiakili wa kuzaliwa nao. Ubongo aliouchunguza Vint ulikuwa wa watu waliofia hospitalini. Njaa, maradhi na maisha ya ukoloni havikupewa uzito uliostahili. Walipima, naam, lakini jibu walikuja nalo.

Sasa twende Embu, nchini Kenya. Mwaka 1984, na tena mwaka 1998, watoto wa vijijini huko walipewa mtihani uleule wa Raven, unaotumia michoro na maumbo. Kundi la pili liliwapita wenzao kwa mbali. Vinasaba vya jamii nzima havigeuki kwa miaka 14. Watafiti walielekeza macho kwenye lishe, elimu ya wazazi na familia kuwa ndogo zaidi. Mtafiti James Flynn alikuwa amekwisha kuonyesha ongezeko kama hilo katika nchi tajiri, takriban alama 3 za vipimo vya akili kila miaka kumi.

Je, urithi hauna kazi? Unayo, na sitaki msomaji wangu aukwepe ukweli huo. Mapacha wa yai moja hukaribiana zaidi kwa alama za vipimo vya akili kuliko mapacha wa mayai mawili. Lakini mwaka 1969 mwanasaikolojia Arthur Jensen alipoutumia urithi huo kueleza pengo kati ya weusi na weupe wa Marekani, mwanajenetiki Richard Lewontin alimjibu kwa mfano wa mbegu za mahindi. Chota viganja viwili kutoka gunia moja, kimoja ukipande kwenye udongo wenye rutuba, kingine kwenye udongo hafifu. Ndani ya kila shamba tofauti za kimo zinatokana na mbegu. Kati ya mashamba, ni udongo. Hoja hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu hiki, na ukiielewa vema utasoma magazeti kwa jicho jingine.

Vinasaba vyenyewe vinaleta mambo mapya. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusu watu zaidi ya milioni 1.1 wenye asili ya Ulaya ulipata sehemu zaidi ya 1,200 za jenomu zinazohusiana na miaka ya kusoma, kila moja kwa athari ndogo mno. Makadirio ya elimu yanayotokana na utafiti huo hudhoofika sana yakipelekwa kwa watu wenye asili ya Afrika, bara lenye anuwai kubwa kuliko yote ya vinasaba.

Sura ya kwanza inaanzia Paris, mwaka 1905, kwa mwanasaikolojia Alfred Binet, aliyebuni kipimo chake cha akili ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni.