Nyumba ya mapumziko Kagera: Mgeni hulipia yaliyo nje ya chumba

Mwenye akiba anayetaka kujenga nyumba ya mapumziko kando ya Ziwa Victoria, kati ya Bukoba mjini na Muleba, kwanza huuliza bei ya kiwanja na ya saruji. Ni haki yake. Lakini swali linaloamua faida ni hili: mgeni atalala siku ngapi?

Tuchukue mfano wa vyumba vitano vya sh. 50,000. Vikijaa siku moja, mapato ni sh. 250,000. Wageni hao hao wakikaa siku tatu ni sh. 750,000, na matangazo ya kuwapata yamelipiwa mara moja tu. Kinachomfanya mtu akae si televisheni wala kapeti, bali ni vya kutazama, na hiyo ndiyo mali ambayo wenye gesti wengi hawajaiingiza kwenye hesabu.

Tuanze mjini. Bukoba ilianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha kama kituo cha Wajerumani. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakauteka mji na kuharibu mtambo wa simu ya upepo. Katika kikosi hicho alikuwemo mwindaji maarufu Frederick Selous, ambaye jina lake mtalii wa Ulaya analijua tayari. Katika Kanisa Kuu la Katoliki limo kaburi la Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, Muleba, aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi mwaka 1960. Mahujaji nao hulala na kula, tena huja kwa makundi. Mbele ya mji kipo kisiwa cha mawe cha Musira, safari fupi ya boti.

Bidhaa adimu kuliko zote, kwa maoni ya safu hii, ni Katuruka, huko Maruku. Kuanzia miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba hapo, penye masimulizi ya mfalme Rugomora Mahe, akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa yapata miaka 2,000 iliyopita. Fukwe ziko nyingi duniani. Tanuri la chuma la umri huo, ambalo wazee wa kijiji walikuwa wakilisimulia kabla mtaalamu hajashika jembe, haliko kila mahali. Wanakijiji wenyewe ndio baadaye walioamua kulifufua eneo hilo ili litembelewe.

Muleba ina kisiwa cha Bumbire, ambako Stanley alipambana na wenyeji mwaka 1875, akarudi baadaye kuwafyatulia risasi kutoka mitumbwini. Hata kwao Uingereza alilaumiwa. Upande wa bara, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, imo wilayani humo.

Sasa upande wa hasara. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaoiona kuwa usumbufu. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiasi na kuingia katika majengo ya ufukweni. Anayeuziwa kiwanja "kinachogusa maji" ananunua mgogoro.

Msimu nao upimwe. Aprili mvua ya Bukoba ni nyingi mno, boti na njia za vijijini zinasumbua. Desemba Wahaya hurudi nyumbani kwa wingi, na senene huwa wapo, lakini wengi wana nyumba zao. Mteja hapo ni rafiki au mkwe waliyekuja naye.

Kwa mtaji mdogo, basi, chumba cha sita kinaweza kusubiri. Fedha hiyo itafute kwanza mwenye boti wa kuaminika, yenye makoti ya kuokolea, na kijana wa Maruku anayejua historia ya kwao. Kisha bei zao zibandikwe mapokezi, pamoja na za vyumba.